Nafasi Niliyoiacha kwenye Jiwe la Mama Yako

Haika mwanangu,

Begi lako liko mlangoni na wewe umelala, au unajifanya umelala. Habari za kuchemsha maji, za kutokopesha wapangaji wenzako na za kupiga simu kila Jumapili, shangazi yako amezisema tangu asubuhi, tena amezisema vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi. Sitazirudia. Mimi nina jambo moja tu. Vipande vyake unavyo, ila sijawahi kukusimulia lote kwa mpangilio. Kila nikianza dukani, anaingia mteja anataka zipu nyeusi. Kwa hiyo naandika.

Kesho unakwenda Tanga kuanza kazi ya maabara. Ukoo wanadhani ulipangiwa huko. Mimi na wewe tunajua kwamba uliomba mwenyewe. Uliomba kwa sababu kutoka hapo hadi Muheza si mbali, na Muheza kuna mwanamke mzee anaitwa Damari, ambaye huenda ni mdogo wake bibi aliyemzaa mama yako, na huenda siye. Hilo "huenda" ndilo lililoniweka mezani na kalamu.

Nianze na kosa, maana lilianzia hapa nyumbani.

Siku ile mama yako alipofariki, kamati ya msiba ilikaa sebuleni kwetu. Gari lilikuwa liondoke alfajiri kumpeleka Machame, Kilimanjaro, kuzikwa. Mwenyekiti akauliza, "Wasifu wa marehemu uko wapi? Vijitabu vinatakiwa jioni hii." Mimi nilikuwa chumbani nimeshika viatu vyake vya kanisani. Walikuwa wamenituma nichague nguo za kumvalisha, nikakwama kwenye viatu. Nikatoka hivyo hivyo nikaenda steshenari ya mtaa wa nyuma, ile ambayo Wachaga wote wa Kariakoo tunachapishia misiba yetu.

"Pole sana, Mangi," kijana wa pale akaniambia. "Umekuja na wasifu?"

"Sina. Lakini wa shemeji yangu Elisante mlitengeneza ninyi."

"Upo kwenye kompyuta. Nabadilisha jina na picha, fasta tu."

"Badilisha."

Basi. Neno moja. Mjomba wako Elisante, Mungu amlaze pema, alikuwa mdogo wake mama yako, baba yao mmoja. Nikaona watoto wa nyumba moja, maisha yao yana tofauti gani mpaka niandike upya?

Unakumbuka kilichotokea kule nyumbani. Msomaji amesimama mbele ya jeneza, sauti ya huzuni, akasoma: "Marehemu atakumbukwa kwa sauti yake nzito ya besi iliyokuwa ikilitikisa kanisa." Kicheko kikaanzia nyuma kwa akina mama wa jikoni, kikaja mbele kama upepo. Shangazi yako akajifunika kanga usoni. Mimi nilicheka, Haika. Jeneza liko mbele yangu na nilicheka, maana mama yako alikuwa hawezi kushika sauti hata ya kengele. Naamini yeye angecheka kutuzidi wote.

Kosa lile la besi tulilikamata kwa sababu lilichekesha. Mstari wa juu yake haukumchekesha mtu. Ulisema: "Eliwaza alizaliwa Machame, mtoto wa Mzee Ndekirwa na Bi Manka." Ulikuwa mstari wa Elisante. Ulipita mbele ya watu wote wale, wazee na vijana, wasomi na sisi wa darasa la saba, hakuna aliyeinua kichwa. Ulifanana na kweli.

Baadaye ukaanza ile kazi yako ya kuchora ukoo kwenye simu. Najua kwa nini uliianza. Nyumba ilikuwa kimya na wewe ulitaka kumweka mama yako mahali ambapo hawezi kupotea. Jioni unakuja dukani, unakaa kwenye kiti chake, unaniuliza majina ya watu waliokufa kabla sijavaa suruali ndefu. Siku moja ukaniambia, macho yanang'aa:

"Baba, kwa Bibi Manka hakuna shaka kabisa. Kijitabu cha mazishi yake kinamtaja mama kama mtoto wake. Cha Mjomba Elisante kinasema hivyo. Cha mama chenyewe kinasema hivyo. Vyanzo vitatu!"

Nilijivuna. Binti yangu anasema "vyanzo". Nikakununulia soda. Ukatuma ule mchoro kwenye kundi la ukoo, na mashangazi wakajaza mikono ya kupiga makofi.

Sasa ona. Kijitabu cha Bibi Manka kiliandikwa na Elisante. Cha Elisante kilichotwa kutoka cha mama yake. Cha mama yako nilikichukua mimi kwa Elisante. Ni ndoo tatu na kisima kimoja. Ningekuwa na akili siku ile, nisingeuliza vijitabu vingapi vinakubaliana. Ningeuliza wa kwanza aliambiwa na nani.

Aliyeuliza ni Mzee Jayanti, jirani yetu wa vifungo vya jumla. Alikuja msibani kabla gari halijaondoka, amevaa nyeupe kama desturi ya kwao Wahindu, akakaa na wanaume nje, akachukua kijitabu akaondoka nacho. Zikapita wiki. Siku moja nimekwenda kuchukua mzigo, akawaondoa vijana wake kaunta, akaniita pembeni.

"Mangi, wewe mtu wangu wa miaka mingi. Nikuulize kitu, usikasirike."

"Uliza."

"Nani ameandika kwamba Bi Manka amemzaa mke wako?"

"Kila mtu anajua hivyo."

"Kila mtu alikuwepo?"

Akaweka miwani mezani, akanieleza. Baba yake alikuwa na duka la vyakula mtaa wa Gerezani, ng'ambo ya nyumba za wafanyakazi wa reli. Ndekirwa, babu yako, alikuwa fundi wa injini za treni na aliishi pale. "Mke wake alikuwa mtu wa Muheza, mpole sana. Amefariki kwa uzazi. Siku ile baba alifunga duka, na baba yangu hakuwa mtu wa kufunga duka. Hata sherehe yetu ya Diwali alikuwa anafungua mlango wa nyuma. Bi Manka ameletwa kutoka Kilimanjaro baadaye."

"Huyo wa Muheza alikuwa na mtoto wa kike?" nikamuuliza.

"Mtoto mdogo alikuwepo, nimemwona mgongoni. Jina silijui. Kama alipona, au alikufa, hilo pia silijui. Nisikudanganye."

Nimemheshimu Mzee Jayanti kwa mambo mengi, lakini kwa lile "silijui" nilimheshimu zaidi. Wengi wetu tukishaanza kusimulia huwa hatupendi kubakisha tundu.

Nilirudi nyumbani nikakaa kimya. Wiki hadi wiki. Nilikuona na mchoro wako nikasema nitamwambia kesho. Kumbe huo ukimya ulikuwa unanirudisha nyuma mwenyewe, nikaanza kuona vitu nilivyokuwa nimeviruka. Tulipokuwa tunataka kufunga ndoa, mchungaji alidai cheti cha kipaimara cha mama yako. Kikaletwa kutoka Machame. Jina la baba limeandikwa vizuri kabisa. Sehemu ya mama kuna kistari. Niliona kile kistari, Haika. Nikamuuliza mzee wa kanisa, akasema labda aliyejaza alikuwa na haraka. Nikaridhika, kwa sababu na mimi nilikuwa na haraka. Nilikuwa na haraka ya kuoa.

Na kuna maneno yake mwenyewe. Miaka yote aliyokaa nami, mama yako alisema "Mama Manka amenilea". Alisema kwa upendo na alimaanisha. Sikumbuki hata mara moja akisema "amenizaa". Kama alijua, au aliambiwa asiseme, au ulimi wenyewe ulijua kitu ambacho yeye hakukijua, hilo siwezi kukuandikia. Sikuwahi kumuuliza.

Nilipokwambia hatimaye, hukulia. Ulikasirika.

"Baba! Nimeshatuma kwa ukoo mzima!"

"Basi tutatuma tena."

"Watanicheka."

"Walicheka besi na dunia haikuanguka."

Nikakuona mdomo unacheza. Jioni ile ndipo tulipoanza kutafuta pamoja, na kama kuna kitu kimenifuta machozi tangu mama yako aondoke, ni kule kutafuta.

Sasa kosa langu jingine, unalopenda kulisimulia. Tulisikia kwamba kule Mchikichini, nyuma ya soko la mitumba, anakaa bibi mmoja aliyewahi kuishi nyumba za reli. Nikaenda peke yangu, na sukari yangu mkononi. Bibi yule akanipokea kama mwanawe. Nikamuuliza kama anamkumbuka mke wa kwanza wa Ndekirwa.

"Namkumbuka sana!"

"Alikuwa mrefu hivi, maji ya kunde?"

"Mrefu! Maji ya kunde!"

"Na mtoto wake akapona, akapelekwa Kilimanjaro?"

"Akapona, baba, akapelekwa Kilimanjaro."

Nikarudi na basi la mwendokasi nimevimba kifua. Nikakwambia tumemaliza kazi. Wewe ukaniangalia, ukasema, "Twende wote kesho." Tukaenda. Ukampigia magoti, "Shikamoo bibi," akaitikia "Marahaba mjukuu wangu," ukakaa mkekani, ukauliza kwa sauti ya upole kabisa:

"Bibi, eti yule mama wa Muheza alikuwa mfupi, eeh?"

"Mfupi, mjukuu wangu. Mfupi!"

"Mweusi?"

"Mweusi tii!"

Ukanigeukia. Sijawahi kuangaliwa vile na mtu niliyemnunulia nepi.

Bibi yule hakuwa mwongo. Kwetu mgeni akija na sukari humkatalii. Unampa anachokitaka, hata kama anachokitaka ni jibu. Nilikwenda na majibu yangu mfukoni, nikayaweka mdomoni mwake, kisha nikayachukua tena nikayaita ushahidi. Wewe wa maabara unajua: mgonjwa akisema ana malaria humwandikii malaria. Unatoboa kidole.

Halafu ukafanya kitu ambacho nimejifunza kwako. Ukaacha kuuliza. Ukachukua mchele aliokuwa anauchagua, ukaanza kuuchagua naye, ukasema tu, "Maisha ya kule nyumba za reli yalikuwaje, bibi?" Akaanza mwenyewe. Akasema habari za foleni ya bomba, za moshi wa treni kuchafua nguo zilizoanikwa. Katikati ya nguo zile akasema, bila kuulizwa, "Kulikuwa na msichana wa Kibondei, kwao Muheza, pale kwa yule Mchaga, mdogo wake mke. Dada yake alipofariki alibaki kulea. Kila siku anafua nepi anaimba. Damari. Nilikuwa namwonea wivu ile sauti."

Hatukumtajia Damari. Tulikuwa hatujui kwamba kuna Damari.

Ndipo nikaenda kwenye kanisa la mjini, lile ambalo watu wa reli walibatizia watoto wao. Binti wa ofisini alikuwa na moyo mzuri na kazi nyingi. "Baba, niachie majina, nikipata nafasi nitakuandikia ninachokiona, uje ukichukue."

"Naomba nikione chenyewe, mwanangu."

"Kitabu hakitoki ofisini."

"Sitaki kitoke. Nataka mimi niingie."

Akacheka, akaniachia kiti. Nilikaa siku kadhaa, nikifunga duka saa za mchana, na wateja wakanisema. Mwandiko wa zamani unachosha macho. Lakini nilikuwa nimeshachoka na maneno yaliyopitia mikononi mwa watu, yakiwemo yaliyopitia mikononi mwangu. Nikampata. Mtoto wa kike, Ruth. Baba: Ndekirwa, fundi wa reli, Gerezani. Mama: Agnes, wa Muheza. Msimamizi wa ubatizo: Damari, mdogo wa mama.

Nilikuwa nataka kupiga kelele. Kisha nikaona jina tena. Ruth. Mama yako alikuwa Eliwaza. Hakuna mtu aliyewahi kumwita Ruth, si mimi, si wadogo zake, si Bibi Manka. Inawezekana Ruth ni jina la ubatizo na Eliwaza ni la nyumbani, lililopewa baadaye kule juu. Inawezekana pia ni watoto wawili.

Nikampigia Mjomba wako Aminiel, huyo pekee aliyebaki wa tumbo la Bibi Manka. Hakufurahi.

"Shemeji, mnachimba nini? Mnataka kumfukuza mama yetu kaburini?"

"Simfukuzi mtu, shemeji. Nawatafuta waliomlea mke wangu. Nikimpata mwingine, mama yenu habanduki. Watakuwa wawili."

Nikasikia kuku upande wa pili. Kisha akasema, taratibu, "Baba hakupenda jina la yule mwanamke litajwe. Likitajwa anatoka nje, anakwenda kusimama migombani. Tuliambiwa alikufa na mtoto wake."

"Ulikuwepo, au uliambiwa?"

"Niliambiwa. Mimi ningekuwepo vipi, shemeji? Sikuwa nimezaliwa."

Na hapo ndipo tulipofika. Alikufa na mtoto yupi? Kichanga aliyekuwa anamzaa peke yake, au Ruth naye akamfuata baadaye? Kama Ruth naye alikufa, basi mama yako ni mtoto wa Manka kweli, vijitabu vilisema sawa kwa bahati, na mimi nimekuwa nikimsumbua marehemu. Kama ni kichanga tu, basi Ruth ndiye mama yako, na kuna watu Muheza wamekaa miaka yote hii wasijue mtoto wa dada yao aliishia wapi. Mfanyabiashara mmoja wa vipuri, mzaliwa wa huko, ametuulizia kwao. Anasema Damari yupo, ni mzee sana, na ujanani aliwahi kuishi Dar kwa dada yake. Zaidi ya hapo hajui, nami sikumwambia.

Sasa nikwambie kuhusu mguu.

Tulipokuwa wachumba, Jumapili moja tulivuka kwa kivuko cha Magogoni kwenda kupunga hewa Kigamboni. Mama yako akavua viatu kwenye mchanga, nikaona kovu la moto kwenye mguu wake mmoja. Wewe pia unalijua. Umelipaka mafuta mara nyingi alipokuwa anaumwa. Nikamuuliza limetoka wapi.

"Nilikanyaga makaa ya pasi nikiwa mtoto," akasema. "Maumivu siyakumbuki. Nakumbuka aliyenibeba alikuwa analia kuliko mimi."

"Mama Manka?"

"Hapana." Akaangalia maji. "Sijui ni nani."

Ningeweza kuuliza tena. Ningeweza kusema, ilikuwa wapi, mlikuwa nyumba ya namna gani, mtu huyo alinukia nini, alikuita nani. Pengine alikuwa na kitu kidogo tu pale, pengine kingetoka. Lakini mhogo wa kukaanga ulikuwa unapita, na mimi nilitaka kumwonyesha kwamba nina hela ya mhogo. Chanzo chenyewe kilikuwa kimekaa pembeni yangu mchangani, kimevua viatu, mimi nikaenda kununua mhogo. Tukala, tukacheka, na swali lile halikurudi tena mpaka alipokuwa hayupo wa kulijibu.

Simwagi machozi juu ya hilo kama zamani. Ilikuwa siku nzuri na mhogo ulikuwa mzuri. Lakini ndiyo sababu sikutaka uende Muheza na furaha tupu. Nimekaa nikifikiria utakavyoingia kwenye uwanja wa yule bibi, na moyo wako ninaujua. Utataka kumrukia. Utataka kumwambia, "Bibi, mimi ni mjukuu wa dada yako." Ukimwambia hivyo, atakuwa bibi yako papo hapo, kwa machozi na kwa chai, na hatutajua kamwe. Mzee aliyempoteza dada atakubali mjukuu yeyote anayeletwa mlangoni. Na wewe uliyempoteza mama utakubali bibi yeyote. Nawaogopea wote wawili.

Kwa hiyo mwanangu, picha ya mama yako iache begini. Sema unatoka Dar, ni mgeni wa maabara, na umesikia aliwahi kuishi Gerezani. Hiyo ni kweli tupu. Kisha kaa. Kama ana mchele, chagua mchele. Kama ana mahindi, pukuchua. Mwache azungumze habari za bomba na moshi wa treni. Siku ya kwanza asiposema kitu, rudi. Utakuwa jirani, huna basi la kukimbilia. Nakumbuka sasa hivi kwamba mimi sikuwahi kurudi kwa mtu hata mmoja kabla yako. Niliuliza mara moja nikaondoka, kama mteja.

Akimtaja mtoto, usimsaidie. Usiseme "moto", usiseme "makaa", usitazame chini. Kama yeye ndiye aliyembeba mtoto yule, siku ile haijamtoka. Mtu aliyelia kuliko mtoto aliyeungua hasahau. Itatoka yenyewe, pengine akiwa anasema habari za pasi, pengine za kitu kingine kabisa. Na hapa kwenye barua sitaandika ni mguu upi. Karatasi husomwa na watu, na jambo hili nataka libaki kwa watu watatu tu: wewe, mimi, na yeye kama ndiye.

Akishasema mwenyewe, toa picha. Toa na simu, toa na machozi, mpigie magoti upya, umwite Bibi. Mweleze kwamba Ruth alikua, akaolewa na muuza nyuzi wa Kariakoo, akazaa binti anayebishana na baba yake. Mweleze alikuwa hajui kuimba. Hilo litamshangaza.

Na akiwa siye, au akili imeshachoka, au mtoto anayemkumbuka ni mwingine, mpelekee sukari hivyo hivyo. Msalimie kila ukipita. Tutakuwa tumejua kisichokuwa, na Bibi Manka ataendelea kuwa alivyokuwa, mwanamke aliyemlea mama yako vizuri mpaka akatufikia sisi. Hilo halihitaji kitabu cha kanisa. Nililiona kwa macho, nilikuwepo.

Jumatano nilikwenda kwa fundi wa mawe, Gerezani, karibu na wauza vipuri. Jiwe la mama yako limekwisha isipokuwa mstari mmoja. Ni marumaru nyeusi, amelisugua mpaka unajiona. Desemba tutakapopanda nyumbani kwa Krismasi tutalibeba, na ukoo wote utakuwepo. Limeandikwa: "Eliwaza, binti wa Ndekirwa na," kisha hapana kitu.

"Mangi, hapa umesahau," fundi akaniambia.

"Sijasahau."

"Sasa niandike nini?"

"Usiandike kitu bado. Nasubiri."

"Watu hawaachi nafasi kwenye jiwe, mzee. Kwenye jiwe watu wanaandika."

Nikamwambia ndiyo maana. Kwenye kijitabu niliandika kabla ya kujua, kijitabu kikachanika. Jiwe halichaniki. Akatikisa kichwa, akalifunika na gunia, akaliegemeza ukutani. Nimekuwa nikipita kulitazama nikienda kuchukua mzigo. Ile nafasi tupu ilinitisha mwanzoni. Sasa nikiiona napata nguvu. Inaonekana kama kiti ambacho watu wamemwachia mtu aliyeko njiani.

Basi nenda, Haika. Nimekuwekea kitambaa kidogo kwenye mfuko wa pembeni wa begi, ndani kuna kifungo cha gauni lake la bluu. Hicho si ushahidi wa kitu chochote. Ni chako tu.

Ukishatoka Muheza, nipigie, iwe ni wiki hii au ni karibu na Krismasi. Usianze na jina. Usinisalimie sana. Niambie kwanza alisema ni mguu upi. Hata kama dukani kuna mteja wa zipu nyeusi, atasubiri.

Baba yako,
aliyeko Kariakoo na simu mkononi